Bahasha inayotoa ushahidi: shajara ya mradi

Januari, mwanzo wa kazi

Ombi lenyewe lilikuwa fupi: bahasha ambayo ikifunguliwa kabla ya wakati wake, mtu atakayeishika baadaye ajue. Hakuna aliyeomba bahasha isiyofunguka. Karatasi hukatwa, hulowana, huchanika. Mwenye nia na nafasi ataingia. Kinachotakiwa ni kwamba akishaingia asiweze kulificha hilo.

Wenye ombi ni watafiti wa tiba. Katika jaribio la dawa, washiriki hugawanywa kwa nasibu: huyu apate tiba mpya, yule apate ya kawaida. Mgawo hupangwa mapema na mtakwimu, kila jibu huwekwa ndani ya bahasha yenye nambari ya mfululizo, na daktari akimpata mshiriki hufungua bahasha inayofuata. Zipo njia za simu na kompyuta, lakini kuna sehemu ambazo mtandao hukatika na mgonjwa hasubiri, kwa hiyo bahasha bado zina kazi.

Hatari iko hapa. Daktari akiweza kujua mapema kilichomo katika bahasha inayofuata, anaweza kumchagua mgonjwa wa kumpangia. Mara nyingi hafanyi hivyo kwa ubaya. Anamwona mama aliyedhoofika na anatamani apate dawa mpya, basi anamwahirisha hadi kesho ili bahasha ya leo imwangukie mwingine. Mwaka 1995 Kenneth Schulz na wenzake walichapisha uchunguzi wa majaribio 250. Yale ambayo mgawo wake haukufichwa ipasavyo yalikuwa yamekuza faida ya tiba kwa takriban asilimia 41, kwa kipimo ambacho wanatakwimu hukiita uwiano wa uwezekano (odds ratio), ukilinganisha na yale yaliyoficha vizuri. Mwaka huohuo Schulz akaeleza watafiti walivyokuwa wakipata majibu: wengine waliinua tu bahasha mbele ya taa.

Nimeibandika asilimia hiyo ukutani juu ya meza ya kazi. Nyuma ya kila tarakimu kuna wagonjwa ambao baadaye walipewa dawa kwa kutegemea matokeo yaliyopinda.

Januari, katikati: kufuli na muhuri

Kabla ya kushika mkasi tumekubaliana maana. Kufuli huzuia. Muhuri hauzuii chochote. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu kwamba mtu alipita. Roger Johnston na kundi lake katika maabara ya taifa ya Los Alamos, Marekani, walitumia miaka mingi kujaribu mihuri ya kila namna, ya plastiki, ya chuma, ya kielektroniki. Walichunguza zaidi ya aina 200 na kuonyesha kwamba zinaweza kushindwa, nyingi kwa dakika chache tu na kwa vifaa vya kawaida. Nililolichukua kwao kuliko yote ni kwamba bei na ustadi wa muhuri havikuwa ndivyo vilivyoamua. Muhuri rahisi unaokaguliwa na mtu anayejua anachotafuta hufanya kazi kuliko wa gharama unaotupiwa jicho tu.

Kwa hiyo kila wazo katika mradi huu litaulizwa swali moja: mkaguzi ataona nini, kwa macho yake, kwenye mwanga wa kawaida, akiwa na haraka?

Wazo la kufungua kwa kuvunja ni la kale sana. Wafanyabiashara wa Ashuru waliokaa Kanesh, katika Uturuki ya leo, karibu miaka 3,900 iliyopita, waliandika mikataba kwenye vibao vya udongo, wakakifunika kila kibao kwa ganda jingine la udongo. Juu ya ganda waliandika tena yaliyomo na kuzungusha mihuri ya mashahidi. Aliyetaka kusoma kibao cha ndani ilimbidi avunje ganda. Hakukuwa na namna ya kukibandua na kukirudisha.

Lakiri, ile nta ya kufungia barua, kinyume chake inayeyuka, na hapo ndipo ilipowaangusha walioitegemea. Huko Vienna karne ya 18 kulikuwa na ofisi ya siri ya mfalme ambako barua za mabalozi zilifikishwa saa moja asubuhi. Lakiri iliyeyushwa juu ya mshumaa, barua ikanakiliwa, ikafungwa upya kwa muhuri wa bandia, na saa tatu na nusu ilikuwa imerudi posta. Mabalozi walizipokea zikiwa zimependeza na mihuri yao juu yake.

Februari: gundi

Huu ndio mwezi wa kazi ngumu. Tumezifunga bahasha kwa kila gundi tuliyoweza kuipata, tukaziacha zikauke kabisa chini ya uzito, kisha tukajaribu kuzifungua bila kuacha alama.

Gundi ya kulamba, iwe ya utomvu wa mgunga au ya wanga uliookwa, ndiyo dhaifu kuliko zote. Imetengenezwa ili iamke ikipata maji, na mvuke ni maji. Inalainika, kifuniko kinanyanyuka, na ikikauka inashika tena kama mwanzo. Anayetumia bahasha za namna hii kwa mambo ya siri ajue kwamba hana muhuri wowote.

Gundi ya kubonyeza, ile yenye utepe wa kubandua, haijali maji. Ina maadui wengine wawili. Joto huilegeza, na baridi kali huifanya kuwa ngumu na kukatika kama kioo, ikaachia karatasi bila kung'oa nyuzi. Kuna makopo ya kupulizia baridi yanayotumiwa na mafundi wa vifaa vya umeme. Ukipuliza kidogo kwenye mshono, kifuniko kinaachia. Kikipata joto la chumba, gundi inarudi kunata. Nilipoona hivyo kwa mara ya kwanza niliirudisha bahasha mkononi nikaigeuza mara nyingi nikitafuta alama, na alama haikuwepo.

Gundi nyeupe ya mbao, ile ya PVA, ikikauka inakuwa utando wa plastiki uliojifunga ndani ya nyuzi za karatasi. Baridi haiisumbui kwa namna ileile kwa sababu haishiki kwa unato wa juu juu, imezama ndani. Mvuke huilainisha lakini polepole, na mtu akivuta mapema karatasi inachanika kabla gundi haijaachia. Hilo ndilo tunalolitaka. Kanuni tuliyoiandika ubaoni: *gundi iwe na nguvu kuliko karatasi*. Wengi wanaotengeneza bahasha za usalama hufikiri karatasi nene ni bora. Kwetu ni kinyume. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, isiyopakwa kitu juu, inanyonya gundi na kuchanika kwa tabaka, ikiacha manyoya meupe yanayoonekana kwa mbali. Karatasi nene iliyopakwa rangi ya kung'aa inaizuia gundi isizame, na mshono unabanduka ukiwa safi. Karatasi za plastiki zisizochanika, ambazo kampuni za usafirishaji huzipenda, zinalinda mzigo dhidi ya mvua na kuchanika, lakini uimara huohuo unamsaidia mfunguaji.

Kwa hiyo uimara na ushahidi si kitu kimoja, na mara nyingine vinapingana. Ilinichukua muda kuwashawishi wenzangu kwamba bahasha yetu iwe dhaifu kwa makusudi.

Ufumbuzi mzuri kuliko wote wa mwezi huu haukutoka kwangu. Tulikwenda kumwona mzee mmoja fundi wa kujalidi vitabu, tukamwonyesha mifano. Alikipinda kipande cha karatasi upande mmoja, akakipinda upande mwingine, akanirudishia.

"Mwanangu, karatasi ina mkondo kama ubao. Unajua wako unaelekea wapi?"

"Unafuata mshono, mzee. Ndivyo inavyokaa vizuri."

"Inakaa vizuri, ndiyo. Sasa ninyi mnataka ikae vizuri hata baada ya mwizi?"

Akatueleza. Nyuzi za karatasi hulala zaidi upande mmoja kwa sababu ya jinsi mashine inavyoimwaga. Zikilowana hunenepa zaidi kuliko zinavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka kukatisha mkondo. Mjalidi hupanga mkondo ufuate mgongo wa kitabu ili gundi isilete mawimbi. Sisi tupange kinyume chake: mkondo ukatishe mshono. Anayepitisha mvuke atatanua karatasi kwa urefu wa mshono huku imeshikwa na gundi, na ikikauka itabaki na mawimbi madogo ambayo hata pasi haiyaondoi vizuri.

Tumejaribu, na ni kweli. Inabidi sisi wenyewe tuwe waangalifu, kwa kuwa gundi yetu pia ina maji: tunapaka mstari mwembamba, tunaweka chini ya uzito hadi ikauke. Bahasha nzima ina mshono ulionyooka. Iliyovukizwa ina mawimbi unayoyaona ukiitazama kwa ubavu. Kasoro ambayo mafundi wameikimbia siku zote imekuwa mlinzi wetu, na haituongezei gharama yoyote.

Februari, mwishoni: pembe na mishono ya pembeni

Hapa ni haraka. Bahasha nyingi za dukani zina nafasi ndogo juu, kwenye pembe mbili za kifuniko, ambako gundi haifiki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili majasusi walikuwa na kifaa kama koleo jembamba: walikipenyeza kwenye nafasi hiyo, wakaikamata barua, wakaizungusha hadi ikawa mviringo mwembamba, wakaivuta nje. Gundi haikuguswa kabisa. Dawa yake ni kupaka gundi hadi ukingoni kabisa, pembe kwa pembe, na kuhakikisha kadi ya ndani ni ngumu kiasi cha kutozungushika.

Jambo la pili: mfunguaji mwenye akili haanzi na kifuniko. Anaanza na mshono wa chini au wa pembeni uliobandikwa kiwandani, ambao hakuna anayeukagua. Tumeacha kununua bahasha zilizokwisha kubandikwa. Tunakata karatasi wenyewe na kubandika mishono yote kwa gundi ileile.

Machi: mwanga

Karatasi ni nyeupe na haipitishi macho kwa sababu ya hewa iliyo kati ya nyuzi. Nyuzi zina uwezo wa kupinda mwanga wa karibu 1.5 na hewa ni 1, kwa hiyo kila mahali vinapokutana mwanga unatawanyika. Ukijaza nafasi hizo kwa kimiminika ambacho kipimo chake kiko karibu na cha nyuzi, mtawanyiko unapungua na karatasi inakuwa kama dirisha lenye ukungu. Pombe ya kusafishia vidonda, yenye kipimo cha karibu 1.38, inatosha. Tone moja kwenye bahasha ya kawaida, na herufi kubwa za kadi ya ndani zinasomeka. Baada ya dakika chache pombe imeruka hewani na karatasi imerudi nyeupe.

Michoro ya kuvuruga macho inayochapwa ndani ya bahasha za benki husaidia kiasi dhidi ya taa, ila ni kiasi tu. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge, Mike Bond, Steven Murdoch na Jolyon Clulow, walionyesha kwamba nambari za siri za kadi za benki zilizochapwa kwa printa ya leza chini ya michoro ya namna hiyo ziliweza kusomwa bila kuacha alama, mojawapo ya njia ikiwa ni kuelekeza mwanga kwa mshazari. Mchoro uliofaa kwa teknolojia moja ya kuchapa haukufaa kwa nyingine.

Sisi tunatumia karatasi ya alumini. Wataalamu wa majaribio ya tiba, Doig na Simpson, waliipendekeza mwaka 2005 katika mwongozo wao, na sijaona sababu ya kutafuta kingine. Inazuia taa, na inazuia hila ya pombe kwa kuwa chuma hakiwi dirisha hata kikilowana. Kadi inakunjwa maandishi yakiwa ndani, kisha inafungwa na alumini pande zote.

Pendekezo lao la pili ni zuri zaidi: karatasi ya kaboni ndani ya bahasha. Kabla ya kufungua, daktari anaandika jina au nambari ya mshiriki na tarehe juu ya bahasha kwa kalamu ya kukandamiza. Maandishi yanapita hadi kwenye kadi ya ndani. Mgawo unafungwa na mtu huyo kabla haujajulikana. Huwezi kufungua kwanza, ukaona, kisha ukaamua ni ya nani. Tulikuwa na wasiwasi kwamba alumini ingezuia mkandamizo, lakini ni nyembamba mno. Inaupitisha, na yenyewe inabaki na alama ya maandishi, ushahidi wa ziada ambao hatukuupanga. Tumeongeza kitu kimoja tu: dirisha la mistari miwili juu ya bahasha kuonyesha mahali pa kuandikia, ili kaboni ndani iwe ndogo na isichafue kadi yote ikibanwa safarini.

Kadi za makundi yote mawili zina uzito na unene sawa, na maneno yenye idadi sawa ya herufi. Vidole navyo vinasoma.

Machi, mwishoni: joto, pombe, na karatasi ya risiti

PVA haitoshi peke yake. Mtu mwenye subira, pasi yenye joto la wastani na kisu chembamba anaweza kuilainisha na kusonga kidogo kidogo. Anafanya uharibifu, lakini mdogo, na mkaguzi mwenye haraka anaweza kuupita. Tulihitaji kitu kinachokumbuka joto.

Wino maalumu unaobadilika rangi kwa joto upo na hutumika kwenye mifuko ya fedha, ila ni ghali na unauzwa kwa kiasi kikubwa. Mwenzangu mmoja akatoa risiti mfukoni, akaipitishia ukucha kwa nguvu. Msuguano ukaacha mstari mweusi. Karatasi ya risiti imepakwa rangi isiyoonekana pamoja na kitu cha kuiamsha. Vikipata joto, kwa kawaida kuanzia nyuzi 60 au 70 za Selsiasi kwenda juu, vinayeyuka, vinakutana, na rangi inatokea. Vimiminika kama pombe na asetoni huviyeyusha vilevile, kwa hiyo karatasi hiyohiyo inageuka nyeusi ikiguswa navyo. Kwa senti chache tuna shahidi wa joto na wa viyeyushi kwa pamoja, na hawezi kurudi kuwa mweupe kwa kupozwa.

Tumebandika ukanda wake ndani, chini kidogo ya mstari wa gundi, uso uliopakwa ukielekea mshono. Pasi inauacha mweusi. Mvuke pia. Pombe inauacha na madoa yenye kingo.

Halafu ikaja shida ambayo naiona kubwa kuliko gundi: kengele ya uongo. Tuliacha bahasha ndani ya gari lililofungwa, mchana, juani. Zilizokuwa karibu na kioo cha mbele ziligeuka kijivu bila kuguswa na mtu. Muhuri unaopiga kelele bure ni hatari kwa sababu unawafundisha watu kuupuuza. Wakishapokea bahasha kadhaa zenye ukanda wa kijivu na kuambiwa "hiyo ni jua tu", siku ya kuvukizwa kweli watasema hivyohivyo. Karatasi ya risiti pia hufifia na kubadilika kwa miezi mingi ya mwanga au ikikaa na baadhi ya plastiki, na majaribio mengine huchukua miaka.

Uamuzi: ukanda umebaki, kwa masharti. Bahasha husafirishwa ndani ya kisanduku kinachozuia joto kikiwa na kipande huru cha karatasi ileile juu kabisa. Kikifika cheupe, safari ilikuwa salama na ukanda wowote mweusi una maana. Kikifika kijivu, kisanduku chote kinarudi. Na kila kundi la bahasha lina tarehe ya mwisho ya kutumika.

Nyongeza rahisi kwa siku hiyohiyo: mistari miwili ya kalamu inayokatisha mshono. Mmoja wa wino wa kalamu ya kujaza, ambao hutiririka ukipata maji. Mwingine wa kalamu ya kawaida ya kubofya, ambayo wino wake wa mafuta hauogopi maji lakini husambaa kwenye pombe na asetoni. Ukichagua kimiminika kimoja, mstari mmoja unakushtaki.

Aprili: bahasha nyingine kabisa

Wote tulikuwa tumezama kwenye kubandua na kuvukiza, na mtu wa nje, dada mmoja mkaguzi wa hesabu, akauliza: kwa nini mwizi ahangaike? Achane, asome, atengeneze bahasha mpya.

Ni kweli, na hakuna gundi inayojibu swali hilo. Nambari ya mfululizo inaigika. Saini inaigika kwa mazoezi. Tunachohitaji ni kitu ambacho hata sisi tulioitengeneza hatuwezi kukitengeneza mara ya pili.

Wataalamu wa udhibiti wa silaha walilifikiria hili wakati wa Vita Baridi: walipendekeza kupaka kwenye makombora utomvu angavu wenye chembe za madini zinazong'aa. Jinsi chembe zilivyolala ni nasibu tupu, na picha yake inakuwa utambulisho usioigika. Desemba 2013, katika mkutano wa wadukuzi huko Hamburg, Eric Michaud na Ryan Lackey walishauri jambo hilohilo kwa kompyuta za mkononi, kwa rangi ya kucha yenye vimetameta juu ya skrubu: paka, piga picha, ukirudi linganisha. Tulijaribu rangi ya kucha kwenye mshono. Inafanya kazi vizuri sana mahali penye simu yenye kamera nzuri na mtu mwenye muda. Lakini kulinganisha nukta kwa macho kunachosha, na swali letu la Januari lilikuwa juu ya mtu mwenye haraka.

Jibu tulilolipenda limetoka kwenye barua za kale. Jana Dambrogio wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, na Daniel Starza Smith wa King's College London wameonyesha jinsi watu walivyokuwa wakifunga barua kabla ya bahasha kuenea: karatasi ya barua yenyewe inakunjwa, inatobolewa, na kufungwa kwa ukanda uliokatwa kutoka ukingo wake. Mary, malkia wa Waskoti, aliifunga hivyo barua yake ya mwisho kwa shemeji yake, mfalme wa Ufaransa, usiku wa kuamkia kukatwa kichwa kwake, Februari 1587. Ukanda huo huwezi kuufungua bila kuukata, na kipande kipya hakitatoka kwenye karatasi ileile.

Tumeichukua hivi. Karatasi ya bahasha inakuja na ukingo mrefu. Ukingo huo *unachanwa* kwa mkono, kukatisha mkondo ili mpasuko uwe wa meno meno, mara mbili: ukanda wa kwanza unapenyezwa kwenye mipasuo ya kifuniko na mwili wa bahasha na kubandikwa, na kipande kilichobaki kinawekwa kwa mtakwimu kwenye daftari, kikiwa na nambari ya bahasha. Mwenye shaka anaulinganisha ukanda na kipande cha daftarini. Meno yanaingiana au hayaingiani. Mtoto anaweza kuamua. Zamani mikataba ya Uingereza iliandikwa mara mbili kwenye ngozi moja na kukatwa kwa mstari wa mawimbi kwa sababu hiyohiyo.

Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoiona bora. Nyenzo ni karatasi tu, na usalama wake hautegemei siri yoyote. Mfunguaji anaweza kusoma shajara hii yote na bado hana namna ya kuuchana mpasuko uleule.

Mei: wakaguzi

Tumeandaa bahasha zilizofunguliwa na kufungwa upya kwa njia mbalimbali, tukazichanganya na nzima, tukawapa watu wasiojua lolote kuhusu mradi. Nusu ya watu tuliwapa bahasha tu. Nusu tuliwapa pia bahasha moja nzima ya kulinganisha na karatasi yenye picha.

Tofauti ilikuwa kubwa. Waliopewa bahasha tu walishuku zilizokunjamana kidogo, zenye madoa ya vidole, zenye mwandiko mbaya, na wakapitisha zile zilizovukizwa kwa ustadi. Hawakuwa wazembe, hawakujua bahasha nzima inafananaje. Waliokuwa na ya kulinganisha waliyaona mawimbi ya mshono haraka. Ukanda mweusi waliuona wote, baada ya kufungua. Wino uliotiririka waliuona wengi.

Njia iliyowashinda hata waliokuwa na mfano ni moja: mkato wa wembe kwenye mkunjo wa pembeni, uliobandikwa tena kwa gundi nyembamba. Ukingo wa mkunjo ni mahali ambapo jicho halitulii. Tumejibu kwa kuchapa mistari myembamba ya mshazari inayozunguka mikunjo yote, upande mmoja hadi mwingine. Ukikata mkunjo na kuubandika upya, mistari haikutani tena sawasawa, na jicho linapenda sana kuona mstari uliovunjika.

Mwaka 1844 huko London, Giuseppe Mazzini, mwanamapinduzi wa Kiitalia aliyeishi huko uhamishoni, aliposhuku kwamba barua zake zinafunguliwa, alitia ndani ya bahasha mbegu za mpopi, chembe za mchanga na unywele. Zilifika bila vitu hivyo, na suala likafika bungeni. Naipenda hila yake kwa kuwa mkaguzi alikuwa na jambo moja la kutazama: mbegu zipo au hazipo. Karatasi yetu ya maelekezo ilikuwa imejaa hadi ukurasa wa pili. Tumeipunguza kuwa maswali manne, kwa mpangilio wa mkono unavyoigeuza bahasha: mshono umenyooka? mistari ya wino ni mikali? mistari ya mikunjo inakutana? ukanda umeshika na haujakatwa? Baada ya kufungua, la tano: karatasi ya risiti ni nyeupe?

Juni: toleo la kwanza kutoka

Kundi la kwanza limekabidhiwa kwa watafiti. Kila bahasha: karatasi ya gramu 80, mkondo ukikatisha mishono, PVA kila mahali hadi pembeni, kadi ndani ya alumini, kaboni chini ya dirisha la kuandikia, ukanda wa risiti, wino wa aina mbili, mistari ya mikunjo, ukanda wa kuchanwa.

Tumewaambia wazi mipaka yake. Bahasha haitamzuia mtu anayempigia simu mtakwimu na kumdanganya. Haiwezi pia kujua kama imepigwa eksirei. Mwaka 2021 kundi la kina Dambrogio lilichapisha jinsi walivyoisoma barua ya tarehe 31 Julai 1697 iliyokuwa haijafunguliwa tangu iandikwe. Waliipitisha kwenye mashine ya eksirei iliyoundwa kwa utafiti wa meno, wakaikunjua ndani ya kompyuta, mikunjo na maneno yote, bila kugusa karatasi. Kadi zetu tunazichapa kwa wino usio na madini, jambo linalofanya usomaji wa namna hiyo kuwa mgumu zaidi, lakini hatuliiti kinga.

Kuna swali moja ambalo watafiti wametuuliza na tunalifanyia kazi sasa: mkaguzi afanye nini akikuta bahasha yenye shaka huku mgonjwa yuko mbele yake? Rasimu tuliyo nayo inasema: usiifungue, iandike kwenye daftari kwa nambari na saa, iweke kwenye mfuko wake, chukua inayofuata, na mpigie mtakwimu siku hiyohiyo. Mtakwimu wao ameomba tuongeze kwamba bahasha iliyowekwa kando irudi na ukanda wake, ili aulinganishe na kipande cha daftarini kabla ya kumshuku mtu yeyote. Tumeongeza. Mfuko wa kuziwekea unakatwa wiki ijayo, nao utakuwa na mkondo ukikatisha mshono.